Wifi yangu anataka nijiunge na mtandao wake, mimi nataka kushona: akiba yangu niiweke wapi?

Mheshimiwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 34, na nimeajiriwa katika mapokezi ya ofisi moja. Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikishona nguo nyumbani nyakati za jioni, kwanza za wanangu, baadaye za wenzangu kazini na za watu walioelekezwa kwangu na hao wenzangu. Ninao wateja 11 wanaorudi kila mwezi bila kuitwa, na nikishatoa gharama za uzi, zipu, bitana na umeme hubakiwa na kiasi kinachofikia theluthi ya mshahara wangu. Akiba niliyoiweka ni sawa na mishahara saba. Nilikusudia kuacha kazi, kupanga chumba, kununua cherehani ya kiwandani na mashine ya overloki, kisha nishone kwa jina langu mwenyewe.

Mwezi uliopita wifi yangu, ambaye ni dada mkubwa wa mume wangu, alinipeleka kwenye mkutano wa kampuni anayofanya nayo biashara ya mtandao. Kampuni hiyo huuza sabuni, vipodozi na virutubisho kupitia wanachama peke yao, wala haina duka. Anayejiunga hununua furushi la bidhaa linalogharimu mishahara yangu miwili. Baada ya hapo hulazimika kununua kila mwezi bidhaa zenye thamani ya sehemu moja kati ya tano ya mshahara wangu ili ahesabiwe kuwa yu hai, na asiponunua hupoteza bonasi ya mwezi huo. Mwanachama hupewa punguzo la asilimia 20 ya bei ya rejareja, na hulipwa asilimia 5 ya manunuzi ya kila aliye chini yake, awe ni mtu aliyemleta mwenyewe au aliyeletwa na watu wake. Wifi ana miezi 14 humo, ana watu 23 chini yake, na amenionyesha kwenye simu ujumbe wa bonasi aliyopokea.

Anasema mambo matatu ambayo sina jibu lake. La kwanza, kwamba biashara ndogo karibu zote hufa, ilhali mtandao una mfumo uliokwisha kujaribiwa. La pili, kwamba kampuni yao imesajiliwa na inalipa kodi, kwa hiyo haiwezi kuwa piramidi, yaani ulaghai wa kulipana kwa fedha za wanaojiunga. La tatu, kwamba cherehani huingiza fedha pale tu ninapoikalia kushona, lakini mtandao huingiza hata nikiwa nimelala. Nimepewa karatasi niandike majina ya watu 50 ninaowafahamu, na nilipoanza kuandika, majina 11 ya kwanza yalikuwa ya wateja wangu wa nguo. Nikipita mwisho wa mwezi huu bila kulipa nitakosa nafasi ya kuwa katika kundi la waanzilishi. Mume wangu hanilazimishi, ila anasema nisimvunjie dada yake heshima.

Nifuate njia ipi? Je, inawezekana kufanya zote mbili?

Mshonaji wa Jioni

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na jambo lililonishangaza ni kwamba habari za ushonaji umezimaliza kwa aya moja, kisha ukaziacha kana kwamba ni utangulizi wa jambo lenyewe. Lakini katika aya hiyo moja kuna miaka sita ya kazi, wateja 11 wasioitwa, na mapato yanayojulikana baada ya gharama. Katika maelezo marefu ya mtandao sikuona hata mteja mmoja. Niliona wanachama. Tofauti hiyo ndiyo nitakayoishughulikia katika jibu langu lote, kwa hiyo nivumilie nikirudi kwayo mara kwa mara.

Kwanza tuliondoe tatizo la jina. Watu wengi husikia “biashara ya mtandao” wakadhani ni biashara inayofanywa kwa intaneti, na wako waalikaji wasioona haraka ya kuwasahihisha. Mtandao unaozungumzwa hapa ni wa watu: kila mwanachama huunganishwa chini ya mwenzake, na fedha za manunuzi ya walio chini hugawiwa kwa walio juu. Unaweza kuuza nguo zako kwenye intaneti usiku na mchana usiwe umeingia katika biashara ya namna hiyo hata kidogo.

Sasa tuchukue viwango ulivyoniandikia na tuvipigie hesabu. Tuuite mshahara wako 100. Furushi la kujiunga ni 200, na manunuzi ya lazima ni 20 kwa mwezi, yaani 240 kwa mwaka. Mwaka wako wa kwanza utakuwa umetoa 440 katika akiba ya 700, kabla ya nauli, vocha za simu na gharama nyingine za kuwafuata watu. Kwa malipo hayo utapata bidhaa, hilo halikanushiki, na ukiziuza zote kwa bei ya rejareja utapata faida, kwa sababu bidhaa uliyoinunua kwa 20 bei yake ya rejareja ni 25. Lakini ili faida hiyo ya 5 katika kila 20 ifikie mshahara wako wa sasa, utahitaji kununua bidhaa za 400 kila mwezi na kuziuza zote kwa 500, ambayo ni mara 20 ya kiwango cha lazima. Muulize wifi kama amewahi kumwona mtu akiuza kiasi hicho kwa watu wasio wanachama. Sidhani kama mkutanoni hilo lilitajwa, kwa maana mikutano ya namna hiyo haikawii kwenye rejareja.

Tuitazame na bonasi yenyewe. Kila mmoja wa watu 23 wa wifi yako akinunua bidhaa za 20, yeye hupata 1 kwa kila mtu, jumla 23. Ili aipate hiyo 23, ni lazima naye awe amenunua za 20. Kinachobaki ni 3 kwa mwezi, kwa sharti kwamba hakuna hata mmoja aliyekosa kununua. Wakikosa wanne, bonasi inakuwa 19, nayo haifikii alichotoa. Ujumbe aliokuonyesha kwenye simu ni wa kweli, nami simtuhumu kwa uongo. Ujumbe huo unaonyesha fedha iliyoingia peke yake, na iliyotoka haina ujumbe wa kupigiwa picha. Wewe, kwa cherehani moja na usiku wako, unabakiwa na 33.

Pengine utasema kwamba wifi bado anapanda na ana safari ndefu mbele yake. Basi tuichore safari hiyo. Wanaoupinga mfumo huu hupenda kueleza kwamba kila mtu akileta watano, ngazi ya 10 itakuwa na watu 9,765,625, ya 14 itakuwa na zaidi ya bilioni 6, na ya 15 itahitaji zaidi ya bilioni 30, ambao dunia haina. Hesabu ni sahihi, lakini mwanachama huijibu kirahisi kwa kusema, “Hatujafika huko.” Kwa hiyo nakupa hesabu ndogo ambayo haimngoji mtu yeyote afike popote.

Chukua mtandao wa mtu mmoja aliyeleta watano, nao watano wakaleta watano kila mmoja, na hao 25 nao hivyo hivyo. Jumla ni watu 156, na 125 kati yao wako chini kabisa. Hao 125 wananunua bidhaa za 20 na hawapati bonasi yoyote, kwa kuwa hawana mtu chini yao. Wale 25 walio juu yao wana watu watano kila mmoja, kwa hiyo wanapata 5 na kutoa 20. Wale watano wanaofuata wana watu 30 kila mmoja. Wanapata 30, wanatoa 20, wanabakiwa na 10. Aliye kileleni anapata 155. Kwa upande wa bonasi, basi, ni watu 6 tu kati ya 156 wanaopata zaidi ya wanachotoa, na haya yanatokea mtandao ukiwa umejaa vizuri, kila mtu ameleta watano na hakuna aliyelegea. Ukiongeza ngazi nyingine chini, wale 25 watanufaika, ni kweli, lakini watakuwa wameongezeka watu 625 wapya wasio na mtu chini yao. Mtandao uwe mdogo au mkubwa, wanne kati ya kila watano wanakuwa chini kabisa. Bidii ya mtu inaweza kubadili nafasi yake yeye ndani ya umbo hilo. Umbo lenyewe halibadiliki, kwa sababu ndilo linalotoa bonasi.

Kuna jambo moja tu linaloweza kuwaokoa wale 150, nalo ni mnunuzi wa nje, yaani mtu anayenunua sabuni kwa sababu anaitaka sabuni, kwa bei ya rejareja, asiye na fomu wala namba ya uanachama. Wakiwepo wa kutosha, hata aliye chini kabisa atanunua kwa 20 na kuuza kwa 25, na hiyo ni biashara ya kawaida, ingawa faida yake ni ndogo. Wasipokuwepo, wanachama wanauziana wenyewe kwa wenyewe, na bonasi ya mmoja ni sehemu ya hasara ya mwingine.

Sheria nayo hutazama hapo hapo, na hili linajibu hoja ya pili ya wifi yako. Usajili wa kampuni unathibitisha kwamba kampuni ipo, ina jina na ina anwani. Hauthibitishi kwamba mfumo wake wa malipo umekaguliwa ukaonekana halali. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, maarufu kwa kifupi FTC, iliamua shauri la kampuni ya vipodozi ya Koscot Interplanetary, na humo ikaeleza alama ya piramidi: mtu hulipa fedha ili apate haki ya kuuza bidhaa pamoja na haki ya kulipwa kwa kuingiza wengine, malipo ambayo hayategemei bidhaa kuwafikia watumiaji wa mwisho. Mwaka 1979 tume hiyo hiyo ilisema kwamba Amway, kampuni ya biashara ya mtandao, si piramidi, na wanamtandao huutaja uamuzi huo hadi leo. Ni nadra kuwasikia wakitaja sababu zake. Amway ilikuwa na masharti ya kununua tena bidhaa kwa wanaojitoa, ya msambazaji kuuza angalau asilimia 70 ya alichonunua, na ya kuthibitisha mauzo kwa wateja 10 wa rejareja kila mwezi. Katika uamuzi huo huo tume iliikuta na hatia ya kuwapangia wasambazaji bei ya kuuzia na ya kutia chumvi katika madai ya mapato.

Kampuni zilizosajiliwa zimeendelea kupambana na tume hiyo tangu hapo. Mwaka 2016 Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 na kuubadilisha mfumo wake ili malipo yafungamane na mauzo halisi yanayoweza kuthibitishwa. Mwaka 2019 AdvoCare, iliyoshtakiwa kwa madai ya kuendesha piramidi, ilikubali kulipa dola milioni 150 na kuzuiwa kabisa kufanya biashara ya ngazi. China ilikwenda mbali zaidi: ilipiga marufuku biashara hiyo mwaka 1998, na kanuni zake za mwaka 2005 zinaruhusu uuzaji wa moja kwa moja lakini zinakataza malipo ya ngazi nyingi. Sisemi kwamba kampuni ya wifi yako ni piramidi, kwa kuwa sina vitabu vyake mbele yangu. Ninachosema ni kwamba cheti cha usajili si jibu la swali lililoulizwa.

Kuhusu kufa kwa biashara ndogo, wifi yako ana ukweli mkononi, nami sitaki kukuficha. Takwimu za kazi za Marekani zinaonyesha kwamba biashara mpya zenye waajiriwa hufungwa kwa kiwango cha takriban moja kati ya tano ndani ya mwaka wa kwanza, na karibu nusu hazivuki mwaka wa tano. Kufungwa si lazima kuwe ni kufilisika, maana wako waliouza, waliopata ajira na waliochoka. Hata hivyo ni hatari ya kweli. Kasoro ya hoja yake iko katika kulinganisha wanaokufa wa upande mmoja na wanaopanda jukwaani wa upande wa pili. Mwaka 2024 watumishi wa FTC walichunguza taarifa za mapato 70 zilizotolewa na kampuni za namna hiyo zenyewe, wakaona kwamba washiriki walio wengi hupata dola 1,000 au chini ya hapo kwa mwaka, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi, na kwa kawaida gharama zao hazijatolewa humo. Katika kampuni zisizopungua 17, wengi wa washiriki hawakulipwa chochote. Basi ukitaka kulinganisha, linganisha mshonaji wa kawaida na mwanachama wa kawaida.

Hoja ya kulipwa ukiwa umelala ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo iliyonifanya nifikirie zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli: mshonaji hana mikono zaidi ya miwili na siku haiongezeki saa. Ila mshonaji anayezidiwa na kazi huleta msaidizi. Na siku unayomleta msaidizi, wewe ndiye unayeanza kumlipa. Utafikiri mara tatu kabla ya kumwita, utatazama kama kazi ipo, na ikipungua utaumia wewe kwanza. Katika mtandao unayemleta ndiye anayelipa siku ya kwanza, hata kama kazi haipo na wateja wameshaisha, na wewe unapata mgawo kutokana na malipo hayo. Fikiria maana yake kwa mtu anayeleta: hana sababu ya kifedha ya kusema, “Hapa tumetosha.” Wala usidhani huko watu hulala. Wifi yako ana simu 23 za kukumbusha kabla ya kila mwisho wa mwezi.

Lipo pia suala la umiliki. Jina la kampuni si la wifi yako, bei hapangi yeye, kanuni za bonasi hubadilishwa na wengine, na siku akijitoa hawezi kuwauzia watu wake kitu kingine kwa mfumo ule ule. Wewe ukiifunga kazi yako kesho, cherehani inauzika, vipimo vya wateja viko katika daftari lako, na ufundi unaondoka nao.

Baada ya kusema yote hayo, sikubali mpango wako kama ulivyouandika, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Unataka kuacha kazi, kupanga chumba na kununua mashine mbili kwa wakati mmoja, ukitegemea wateja 11 wanaokupa theluthi ya mshahara. Chumba kitaanza kudai kodi mwezi wa kwanza, iwe nguo zimekuja au hazikuja. Wateja ulionao wanakuja nyumbani au wanakupa kitambaa kazini, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba huna chumba. Kinachokubana si chumba, ni saa. Kwa hiyo anza na kinachookoa saa.

Ningekuwa mimi, ningetenga mishahara mitatu isiyoguswa kwa ajili ya nyumba na watoto, nikaisahau. Kutoka katika minne inayobaki ningenunua overloki peke yake, iliyotumika lakini iliyojaribiwa mbele yangu kwa kitambaa chepesi na kizito, kwa sababu kumalizia pindo na mishono kwa cherehani ya kawaida ndiko kunakokula jioni zako. Cherehani ya kiwandani ingengoja. Kazini nisingeacha hadi ushonaji uwe umenipa angalau theluthi mbili za mshahara kwa miezi sita mfululizo, ikiwemo ile miezi ambayo watu hawana fedha. Na ningeandika tarehe, mwaka mmoja kutoka leo, pamoja na kiwango cha fedha ambacho kikizama bila kurudi nitasimama. Mtandao hauna ukurasa huo, maana huko anayesimama huambiwa amekata tamaa.

Yapo mambo mawili madogo ambayo barua yako imeyaruka. Hujaniambia unatumia saa ngapi kwa nguo moja, nami nashuku hujawahi kuhesabu. Mali bila daftari huisha bila habari: andika kwa miezi miwili kila nguo, saa zake, vifaa vyake na bei yake, kisha utaona kwamba kuna mshono unaokulipa na mwingine unaoufanya kwa hisani ukidhani ni biashara. Aidha, dai nusu ya malipo kabla ya kukata kitambaa. Cherehani nyingi zimesimama kwa sababu ya nguo zilizokamilika ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Ulizia pia mapema masharti ya leseni na kodi mahali unapoishi, kwa kuwa ni nafuu kuyajua ukiwa na wateja 11 kuliko ukiwa na 60.

Unauliza kama unaweza kufanya zote mbili. Hapana, na sababu umeiandika mwenyewe: majina 11 ya kwanza katika ile karatasi. Watu hao wanakuja kwako kwa sababu ukiwaona unawaza mabega na kiuno chao. Siku watakapogundua kwamba unapowapima unawaza pia kuwaunganisha, baadhi watajiunga kwa kukuonea haya, baadhi watakukwepa, na wote watabadilika. Ichane hiyo karatasi. Nafasi ya waanzilishi inayokwisha mwisho wa mwezi nayo isikukoseshe usingizi, kwani biashara inayokuhitaji kwa kweli haikunyimi siku kumi za kufikiri.

Kuhusu wifi, mume wako amesema sawa. Ni mkubwa wako, na bila shaka amekualika kwa nia njema, huenda pia kwa mzigo ambao hajausema. Usimpigie hesabu hizi mbele ya watu, wala usimtumie jibu hili. Kama siku moja yeye mwenyewe atataka kutoka, hapo umsaidie kusoma mkataba wake kuona iwapo kampuni hununua tena bidhaa ambazo hazijauzwa, kwa asilimia ngapi na ndani ya siku ngapi. Kwa sasa nenda nyumbani kwake, mume wako akiwepo, umwambie hivi: “Wifi, nimekushukuru kwa kunifikiria. Kujiunga sitajiunga, kwa kuwa akiba yangu nimeipangia cherehani, lakini nataka kuwa mteja wako. Nipatie sabuni moja kwa bei ya rejareja, na mwezi ujao ikiwa nimeipenda nitarudi.” Uwe na fedha mkononi unapoyasema hayo. Akipokea kwa furaha na kukufungia sabuni, umempa alichokihitaji na heshima imebaki. Akikuambia kwamba kununua moja hakumsaidii, ni bora ujaze fomu, basi mpe mume wako nafasi ya kulisikia jibu hilo kwa masikio yake, unywe ulichokaribishwa, na urudi nyumbani ukamalizie nguo za watu.